Talaka ya Nguzo

Msinitukane bado. Tangu mlipoisoma ile ya Jumapili iliyopita nasikia wapo wanaosema mie sina akili, na wengine wanasema nimetunga. Ningekuwa mtunzi, ningejitungia mambo mazuri zaidi ya haya.

Kwa aliyechelewa kuingia, habari ni hii. Mie ni Mfaume wa Yombo, zamani mchomeaji vyuma kwenye karakana moja ya Chang'ombe, mpaka walipoanza kupunguza wafanyakazi na mie nikapunguzwa. Kiinua mgongo changu nilikitia kwenye sola. Mradi mmoja, unaitwa Jua Letu, ulikuwa ukitoa kioo, betri na taa tatu kwa nusu bei kwa nyumba yoyote isiyo na waya wa umeme. Nusu ya pili wanailipa wao. Nani angekataa? Bei ya uniti ilikuwa ikipanda kila ukifungua redio, na mgawo ulikuwa umewarudisha hata watu wa mjini kwenye vibatari. Nikafunga kioo changu juu ya bati, nikanunua na televisheni ndogo, mtaa mzima ukahamia sebuleni kwangu.

Halafu mtaa ukataka nguzo. Ofisi ya umeme ikasema haileti nguzo wala transfoma mpaka zijiandikishe nyumba kumi kwa pamoja. Ukiondoa mapagala, na nyumba za kupangisha ambazo wenyewe hawajulikani waliko, zilibaki kumi kamili, na ya kumi ilikuwa yangu. Nikijiandikisha, Jua Letu wanashusha kioo chao na nilicholipa hakirudi. Nisipojiandikisha, mtaa unakaa gizani kwa sababu yangu. Nikakataa. Nao wakanitenga. Kwenye hitima ya mama yangu walikuja watu wanne, pilau tukaila mpaka ikachacha.

Ndipo jirani yangu Nassibu akaniletea dawa. Nassibu ni fundi wa kupaua, mjane, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya nguzo. Alisema nyumba yangu iwe mbili: mbele niwe mie na sola yangu, uani awe mke wangu na nguzo yake. Na kwa kuwa mradi unawahesabu mume na mke kuwa kaya moja, nimpe mke wangu talaka moja, ya kurejea. Umeme ukishaingia, namrejea.

"Neno moja linatoka, neno moja linarudi," aliniambia. "Hata jasho halikutoki."

Jumapili ile niliwaacheni pale barazani, neno limeshatoka, mashahidi wawili wamelisikia, Nassibu na mjumbe wetu wa nyumba kumi. Nikainuka kwenda kumwambia mwenyewe.

Mwanaasha alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Nimesikia mnanong'ona huko," akasema. "Umesema nini?"

"Moja tu," nikamjibu. "Ya mambo ya nguzo. Usiitie moyoni."

"Mbele ya mashahidi?"

"Bila mashahidi mradi usingekubali."

"Mfaume, talaka haina ya mambo ya nguzo na ya mambo mengine. Nimeachika au sikuachika?"

Nikatazama chini. Nikatazama kuku. Mwisho nikasema, "Umeachika, lakini kidogo."

Akaweka ungo pembeni taratibu, akanawa mikono, akajifuta kwa upande wa kanga. Mie nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Nilikuwa na maneno ya kubembeleza tangu asubuhi, nimeyapanga vizuri. Hakulia.

"Haya," akasema.

Mpaka leo sijui kwa nini ile haya iliniuma kuliko matusi.

"Eda yangu naanza leo," akaendelea. "Na huu uani umeniandikishia?"

"Mjumbe ameshapiga muhuri."

"Basi ukija huku, piga hodi."

Nikacheka. Nilidhani anatania. Nikawa nacheka peke yangu mpaka nikakumbuka kwamba choo cha nyumba yangu kiko uani, kisima kiko uani, na jiko liko uani.

* * *

Ofisa wa Jua Letu alikuja juma lile lile. Jina lake Gaudens, kijana wa Bukoba, mpole, shati limenyooka, anaamkia kila mtu mpaka mbuzi. Alikuta nimeshajenga ukuta wa fito na madebe kugawa nyumba, nina mlango wangu mbele na Mwanaasha ana wake wa uani.

"Shikamoo mzee Mfaume."

"Marahaba. Karibu uone. Hizi sasa ni nyumba mbili."

"Naona kuta mbili," akasema Gaudens. "Lakini sie kaya hatuhesabu kwa kuta, mzee. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Ruzuku ile ni ya wasio na waya. Nikiwapa wenye waya, waliotoa fedha watafunga mradi na mie nirudi kwetu kulima migomba."

"Hatuli chungu kimoja. Nimemwacha."

Akanitazama kwa huruma. "Pole sana mzee. Mliishi pamoja muda gani?"

Kabla sijajibu, akaingia ndani. Mezani kulikuwa na bakuli limefunikwa kawa. Akafunua. Changu wa nazi, moshi unatoka. Binti yetu Shamimu alikuwa amenipitishia dakika ile ile kwenye upenyo wa madebe, maana mtoto hawezi kumwona baba yake anashindia mihogo mikavu.

"Mzee, huyu samaki umempika wewe?"

Mchomeaji vyuma atapika wapi samaki wa nazi wa namna ile? Gaudens akatoka na bakuli mkononi, akazunguka mpaka mlango wa uani, akapiga hodi. Mie nyuma yake.

"Shikamoo mama. Huyu samaki ametoka kwenye chungu chako?"

Mwanaasha akatazama bakuli, akanitazama mie, akavuta mtandio wake mbele.

"Ametoka kwangu. Nimemuuzia."

"Umemuuzia?"

"Mie sasa mama ntilie. Anayekuja na hela anakula."

"Na huyu mzee ni nani kwako, mama?"

"Alikuwa mume wangu."

Alilisema bila kutetemeka. Nikasikia haya, na nikasikia kitu kingine kizito zaidi ambacho sikutaka kukitazama. Gaudens akatikisa kichwa, akasema ameridhika. Pale mlangoni akageuka.

"Mama ajiandikishe nguzo, hiyo ni haki yake. Nguzo zikisimama na waya ukiingia, nitarudi kukagua mara ya mwisho. Nikikuta kaya mbili, mzee, kioo ni chako moja kwa moja. Nikikuta mmerudiana kabla ya hapo, nakishusha siku hiyo hiyo."

"Nimeelewa."

Nilikuwa nimeelewa kweli. Nassibu aliniambia umeme ukishaingia namrejea. Hakuniambia itakuwaje umeme ukichelewa.

Jioni Shamimu hakupitisha bakuli. Nikabisha kwenye debe.

"Vipi leo, mwanangu?"

"Mama kasema wewe mteja, baba. Leta hela kwanza."

* * *

Mtaa ulirudi kwangu kwa shangwe. Waliokuwa wakigeuza uso wakaanza tena kuniita shehe. Nassibu alinishika mkono mbele ya kamati nzima, akasema Mfaume ni mtu wa kujitoa. Nyumba ya kumi ilipatikana, majina yakaenda ofisi ya umeme, na nguzo tukaambiwa ziko njiani.

Mwezi wa kwanza zilikuwa njiani. Mwezi wa pili zikawa bado ziko njiani, ila transfoma haijafika bandarini. Redioni wakatangaza bei mpya ya uniti, imepanda tena, na baadhi ya wale kumi wakaanza kunung'unika kwamba heri wangebaki na vibatari. Mie kidogo nikafurahi. Nikakaa barazani nikawaambia jua halitumi bili.

"Jua lako linawasha taa tatu na televisheni ya kuonea chenga," Mwanaasha akasema kutoka upande wa pili wa madebe. "Friji linawashwa na nini? Na dua?"

Hapo ndipo nilipojua kuwa ana friji. La mtumba, amelipata kwa zamu yake ya upatu, limeletwa kwa mkokoteni mie nikiwa msikitini. Alikuwa anataka kuuza barafu na juisi ya ukwaju kwa mafundi wanaotoka Chang'ombe. Miaka yote tuliyoishi nilikuwa namwambia umeme wa waya ni wizi, atulie na sola. Sasa alikuwa na uani wake na jina lake ofisi ya umeme, na hakuna wa kumwambia atulie.

Asubuhi nilikuwa nasimama mlangoni kwake na ndoo.

"Hodi."

"Nani?"

"Mie."

"Mie nani?"

"Mwanaasha, nataka choo."

"Subiri nijifunike."

Nikawa nasubiri, mwanamume mzima, miguu nimeibana. Ndani nasikia anacheka na wanawake wenzake waliokuja kumpa pole. Walikuja kumpa pole na walikaa mpaka adhuhuri kila siku, na kicheko chake nilikuwa sijakisikia vile tangu Shamimu alipokuwa ananyonya. Nilikaa upande wangu chini ya taa zangu tatu nikala muhogo, nikamkumbuka mtu aliyekuwa hatua chache kutoka nilipo.

Nikaenda kwa ami yake, Sheikh Abdulrahman, anayesalisha msikiti wetu. Ndiye aliyemwozesha kwangu. Nilimkuta barazani kwake anapunga upepo kwa kipepeo cha ukindu.

"Shikamoo sheikh."

Hakuitikia haraka. "Marahaba. Umekuja kwa miguu au kwa nguzo?"

"Sheikh, nisamehe. Nilitaka kujua eda ya Mwanaasha inakwisha lini."

"Mwanamke anayepata siku zake, eda yake tohara tatu, zile siku za usafi baada ya hedhi. Nani anazijua tohara zake? Yeye na Mola wake. Sheria inalichukua neno lake. Kamuulize."

"Naona haya kumuuliza kitu kama hicho."

"Kumwacha hukuona haya?"

Nikageuzia macho barabarani.

"Sikiliza, Mfaume. Ukitaka kumrejea, mrejee leo. Huhitaji mahari, huhitaji mie, huhitaji shahidi. Sema tu nimekurejea, basi. Ikishakwisha eda, neno lako halina kazi tena. Atakuwa mwanamke kama wanawake wengine. Atataka mahari, atataka walii, na atataka kwanza kukutaka."

"Nikimrejea leo, kioo kinashuka. Kiinua mgongo changu chote, sheikh. Nusu ile hawarudishi."

"Basi umeshachagua."

"Sijachagua! Nasubiri nguzo tu."

"Ndiyo hivyo," akasema, akaendelea kupunga.

Nilirudi nyumbani na nia ya kumuuliza Mwanaasha. Wallahi nilikuwa na nia. Alfajiri nikasimama kwenye ule ukuta wa madebe, nikakohoa.

"Mwanaasha."

"Naam."

Ufagio wake ukasimama. Nikajua anasikiliza. Maneno yakafika kooni, nikaona haya, yakageuka yenyewe.

"Nguzo hazijafika?"

Ufagio ukaanza tena. "Hazijafika," akasema.

Kesho yake nikakohoa tena. Nikauliza nguzo tena. Ikawa ndiyo salamu yetu.

* * *

Nguzo zilifika siku ambayo nilikuwa nimeshaacha kuzitazamia. Watu wa ofisi ya umeme wakachimba, wakasimamisha, wakavuta waya, transfoma ikapandishwa pale kwenye kona ya msikiti. Mtaa mzima ulitoka. Wanawake wakapiga vigelegele kama anaolewa mtu. Nassibu alikuwa juu ya ngazi yake ndefu, ile niliyoiazima wakati wa kufunga kioo changu, anaelekeza kila mtu kazi isiyokuwa yake. Ngazi ndefu mtaani kwetu ni hiyo moja tu.

Mita ikafungwa kwenye ukuta wa uani, imeandikwa jina la Mwanaasha. Mchana ule ule umeme ukawaka, na nikasikia friji linanguruma nyuma ya madebe. Kwa mara ya kwanza nyumba yangu ilikuwa na friji, na sikuwa na ruhusa ya kulifungua.

Gaudens alikuja siku ya tatu baada ya hapo, asubuhi. Akapita mbele akaona jiko langu la mkaa na sufuria langu lililoungua. Akapita uani akaona waya, mita, friji, na Mwanaasha anafunga barafu kwenye vifuko vya nailoni. Akanipa mkono.

"Hongera mzee. Kioo ni chako. Hakuna atakayekuja kukigusa tena."

"Hata nikioa?"

Akacheka. "Ukioa, nialike."

Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi mbio. Nikaoga maji ndoo mbili. Nikavaa kanzu, nikajipaka mafuta mazuri niliyokuwa nimeyaficha kwa ajili ya siku hiyo, nikachukua doti ya kanga niliyoinunua Tandika. Baada ya sala ya Alasiri nikasimama mlangoni kwake.

"Hodi."

"Karibu. Ila simama hapo hapo mlangoni."

Nikasimama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na friji, amejitanda vizuri, uso tu unaonekana. Nikaona ametengeneza nyusi. Kwetu mwanamke wa edani hajipambi, hilo hata mie nalijua, lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa furaha, hakikutaka kulihesabu.

"Mwanaasha, mambo yamekwisha," nikasema. "Kioo chetu, nguzo yetu, vyote tunavyo. Nimekurejea."

Akaitazama ile doti mkononi mwangu.

"Umerejea nini, Mfaume? Eda yangu imekwisha juzi."

Doti ya kanga ikanilegea mkononi.

"Juzi?"

"Juzi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuwa nakuja kila asubuhi!"

"Ulikuwa unakuja," akasema, na sasa sauti yake ndiyo iliyotetemeka, si yangu. "Kila asubuhi unasimama hapo unakohoa. Mie naacha kufagia. Nasema leo ataniuliza, mie niko wapi, zimebaki ngapi. Nilikuwa nimeshaliweka jibu mdomoni, Mfaume. Wewe unauliza nguzo. Hata juzi yenyewe, asubuhi, ilikuwa bado. Ukaja, ukakohoa, ukauliza nguzo zimefika, wakati unaziona zimesimama."

Ilikuwa kweli. Juzi, waya umeshakaza, mie niliuliza nguzo.

Nikataka kukaa chini, nikakumbuka sijaruhusiwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mwanamke asiyekuwa wangu, ndani ya nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

"Nikuoe upya," nikasema. "Taja mahari. Chochote."

"Chochote?"

"Wallahi."

Akanyoosha kidole juu, kupita kichwa changu, kwenye bati la upande wa mbele.

"Kile kioo kishuke."

"Nikupe wewe?"

"Nikifanye nini, mie nina mita? Kishushe, ukakirudishe kwa yule kijana wa Bukoba, kwa mkono wako. Apewe mtu mwingine ambaye hana waya wala hana mke wa kuacha."

"Mwanaasha, kile ndicho kiinua mgongo changu chote. Ndicho kimebaki."

"Najua. Ndiyo maana nakitaja." Akashusha kidole. "Mie pia nilidhani ndiye niliyebaki. Nataka siku moja nione kipi kwako kizito."

Nikatazama kioo. Jua lilikuwa linakipiga kwa mshazari. Nilikipenda kile kioo, nisiwadanganye. Nilikuwa nakipanguza mwenyewe kila Ijumaa kwa fulana laini.

"Kwa nini leo?" nikauliza. "Nipe hata wiki nijipange."

"Magharibi ya leo natoa jibu kwa ami. Nataka nitoke nje, nitazame juu ya bati, kisha ndiyo nijibu."

"Jibu la nini?"

Akafungua friji, akaanza kupanga barafu zake, na mgongo akanigeuzia.

* * *

Nilitoka mbio kutafuta ngazi, kanzu nimeikunja mkononi. Kwa Nassibu mlango umefungwa. Mama mmoja anayeuza maandazi pale jirani akaniambia Nassibu yuko kwa Sheikh Abdulrahman tangu Alasiri, anampaulia sheikh kibanda cha nyuma, na ngazi iko huko.

Nikashukuru. Nikasema Mungu bado ananipenda, ngazi iko kwa ami yake hasa, nitakiri makosa yangu palepale na kuchukua ngazi kwa mpigo mmoja.

Nilipofika, ngazi niliiona kabla ya watu. Imelazwa ukutani barazani, nyuma ya vichwa vyao. Halafu nikaona viatu mlangoni, vingi kuliko vya mafundi. Nikaona wazee watatu wa kamati ya nguzo kwenye jamvi, sinia la halua, birika la kahawa. Na katikati yao Nassibu, hana nyundo wala msumari, amevaa kanzu mpya iliyopigwa pasi ya umeme mpaka mstari unaonekana.

"Karibu Mfaume," sheikh akasema. Hakunitazama usoni.

"Nimekuja kuazima ngazi," nikasema.

"Ngazi utapata," akasema Nassibu. "Hiyo hapo nyuma yangu. Ngoja tumalize hili jambo la heri."

"Jambo gani?"

Wazee wakatazama halua. Ikabidi sheikh aseme.

"Nassibu amekuja kumposa Mwanaasha."

Nilimtazama Nassibu. Neno moja linatoka, neno moja linarudi. Hata jasho halikumtoka.

"Eda imekwisha juzi tu," nikasema. Sauti ilikuwa yangu lakini sikuitambua. "Wewe ulijuaje?"

"Niliuliza," akasema Nassibu kwa upole. "Nilimuuliza sheikh, sheikh akamuuliza mwenyewe. Sijamposa ndani ya eda, Mfaume. Mie namwogopa Mungu."

"Wewe ndiye uliyenishauri nimwache!"

"Nilikushauri umrejee pia. Hilo la pili ndilo hukulifanya."

Nikapanda hatua moja, ngumi zimekaza. Sheikh akainua kiganja.

"Mfaume! Posa imeshasemwa mbele ya watu. Ikishasemwa, mwingine hasemi juu yake mpaka mwanamke ajibu. Na yeye atajibu Magharibi. Wewe hujaposa, umekuja kuazima ngazi."

"Basi nipeni ngazi."

"Tunapiga Fatiha tu, ndugu yangu," akasema mmoja wa wazee, anasogea kunipisha kwenye jamvi. "Vua viatu, itikia dua, uchukue ngazi yako."

Jua lilikuwa limeshagusa minazi. Ngazi ilikuwa imelala nyuma ya migongo yao, na sikuwa na pa kupitia isipokuwa juu ya vichwa vya wazee. Na nani katika mtaa wetu ameshaondoka Fatiha inasomwa? Mtu wa namna hiyo angezikwa na nani?

Nikavua viatu. Nikakaa. Nassibu akanisogelea mpaka bega likagusa bega, ananuka udi. Sheikh akainua viganja, wote wakainua, na mie nikainua vyangu, nikiomba kinyume cha wanachoomba wao.

Sheikh Abdulrahman husoma taratibu. Siku ile alisoma taratibu kuliko siku zote, na aya moja alipofika katikati akasita, nikadhani ananihurumia, kisha akaendelea.

Kule msikitini kipaza sauti kipya, cha umeme wa nguzo zetu, kikaanza kukoroma. Mwadhini alikuwa anakijaribu.

Ndipo nikasikia miguu inakimbia barabarani, na sauti ya Shamimu inaniita toka mbali, imekatika pumzi.

"Baba! Mama ametoka nje! Anauliza mbona hujapanda batini?"

Mikono yangu ilikuwa bado iko juu.